Ndoo Iliyojaa Wakati wa Matusi

Haya, jamani, tuliombwa tuzungumzie maji, tuyazungumze.

Kulikuwa na bwana mmoja, mtu wa swala tano. Mwaka huo visima vya mji vilikuwa vimekauka, msikiti tu ndio wenye tangi. Ijumaa moja, mapema, bwana yule yuko bombani anatia udhu, maji yanatiririka, wala hana haraka. Kutupa jicho nje, pale mfereji wa maji machafu unapotokea, akamwona mama amechuchumaa anakinga ndoo. Mtoto mgongoni, wanne wamemzunguka, na mimba juu.

Akatoka mbio, ndevu zinachuruzika.

"We mama, unafanya nini hapa?"

"Nisamehe, shekhe. Sijaiba. Nakinga yanayomwagika tu."

"Maji machafu haya, ya nini?"

"Nayachuja kwa kanga, nayachemsha. Wanangu wapate uji."

Hapo mwenye moyo si angenyamaza? Wapi! Ndiyo kwanza akaanza kuhutubu. "Mnazaa, mnazaa, mnazaa! Nchi itawabeba vipi? Mimi ninao wawili tu. Nyinyi ndio mnaotumalizia maji!" Akamsema mbele ya watoto wake mpaka sauti ikamkauka.

Mama akasubiri amalize. "Nimesikia, shekhe. Lakini bomba umeliacha wazi."

Akageuka. Lahaula! Maji yanamwagika, chini ya bomba hakuna mtu. Na ndoo ya mama, iliyokuwa na maji kidogo, imejaa pomoni wakati yeye anamtukana.

Sasa niambieni, nani alikuwa anamaliza maji ya mji ule? Sisemi uzazi usipangwe. Upangwe. Ila sisi tumezoea kuhesabu watoto wa maskini, hatutazami tunachomwaga. Nyumba ya watu wanne, magari mawili yanaoshwa kila wiki. Pilau ya harusi nusu sinia inakwenda jalalani. Tumekatazwa israfu hata tukiwa kando ya mto, sembuse kwenye ukame? Aibu yetu, jamani. Dunia tumekabidhiwa, na tunaitumia kama vile hakuna watakaozaliwa baada yetu.

Nimesema bwana mmoja kwa sababu niliona haya kusema imamu wenu. Mama yule sikumwomba radhi. Nilirudi nikafunga bomba, nikaingia kuwaswalisha, nanyi nyuma yangu mkaitikia amina.