Kibali cha Vinyonga Sita

Usinibetulie midomo, kwani ulikuwepo? Mimi niliishia darasa la nne, tena nililirudia mara mbili. Vinyonga sita wa kumuuzia tajiri wa Lushoto niliwaficha kapuni chini ya kitanda, mahali ambapo hata mpumbavu angetazama kwanza.

Bwana Kiluvia, afisa wanyamapori, alipomaliza chai yangu alivuta kapu. Lilikuwa tupu.

"Bibi, wako wapi? Kushika kinyonga bila kibali ni jela!"

"Kapu lina mapengo kama kinywa changu, baba. Mmoja huyo, kwenye kofia yako."

Aliganda. Kwao kinyonga akikugusa ni nuksi ya ukoo mzima. "Mtoe, bibi!"

"Nimshike bila kibali? Nikafie jela na magoti haya?"

"Nakupa kibali!"

"Cha mdomo sikitaki. Andika, wote sita, na muhuri."

Aliandika shingo ikiwa imekakamaa, akatoa muhuri mkobani, akagonga. Nikamtoa yule wa kofiani. Nikawatoa na wenzake watano kwenye koti lake pale msumarini, nilikowahamishia wakati anapuliza chai. Nikawarudisha wote kapuni, nikachukua kibali, nikatoka kwenda kwa tajiri wangu, nikamwacha ndani na koti lake, nikafunga mlango.