Mghoi na Siku Tatu za Kufunga Kiangazi

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba. Lakini waliokaa karibu na mlango sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya sasa. Asanteni kwa kuja, wakubwa kwa watoto. Sogeleaneni. Mtoto wa mwenzako akikulalia begani, mwache alale.

Hapo zamani za kale, wanyama wa nyikani walikuwa na sikukuu yao. Kiangazi kikikaribia kwisha, mawingu yakianza kukusanyika mlimani, walipumzika siku tatu. Siku tatu hakuna kazi. Hakuna kuchimba, hakuna kuhama. Kila mnyama alitoka na jamaa yake, wakatembea, wakacheza, wakala walichojiwekea. Mvua ikinyesha tu, sikukuu imekwisha.

Basi palikuwa na Ngiri. Ngiri huyu alikuwa na mke na watoto wanne. Mkubwa aliitwa Mwakio. Wakafuata mapacha, Mcharo na Mwambi, wamefanana mpaka mama yao hakuweza kuwatofautisha bila kuwanusa. Na kitindamimba, Mghoi, binti mdogo mwenye miguu mifupi.

Kiangazi chote Ngiri alikuwa kazini. Asubuhi anachimba mizizi, jioni anachimba mizizi. Watoto wakimwambia, "Baba, cheza na sisi," anasema, "Ngojeni sikukuu." Wakangoja. Wakangoja. Sikukuu ikafika.

Ngiri akaamka mapema. "Wanangu," akasema, "mwaka huu tutatembea kuliko majirani wote!"

Mkewe akasema, "Baba Mwakio, si tukae tu bwawani, watoto wagaagae?"

"Tukae? Mwaka jana Pundamilia na wanawe walifika mahali panne. Sisi tutafika mahali saba! Nifuateni!"

Akasimamisha mkia wima, akatangulia mbio. Tiki tiki tiki tiki! Nyuma yake mama, nyuma ya mama watoto, nyuma kabisa Mghoi. Ngiri akikimbia hageuki. Shingo yake fupi, akigeuka anajikwaa. Kwa hiyo akaita bila kutazama:

"Mko?"

Nao wakajibu wote pamoja:

"Tuko!"

Nanyi nijibuni. Mko?

Tuko!

Vizuri. Wakafika bwawani. Tope laini, tope la baridi. Mghoi akaingia, chubwi! Akagaagaa mara moja. Alipotaka mara ya pili, baba yake akasema, "Haya, tumefika, tumeona, twende!"

"Baba, tukae kidogo."

"Tutakaa tukifika kwingine. Mko?"

"Tuko!"

Tiki tiki tiki tiki! Siku ya pili wakaenda kwenye chumvi. Wakalamba mara moja, twende. Wakaenda kwenye mkwaju. Ukwaju wakautafuna huku wanakimbia. Wakaenda kwenye kichuguu kikubwa ambacho juu yake unaiona nyika nzima. Hawakukipanda. Walikizunguka. Mahali pengine pawili wakapapita vivyo hivyo. Nawe baba uliyeegemea ukuta, unacheka nini? Namsema Ngiri mimi.

Siku ya tatu ilibaki safari ya mahali pa saba. Mawingu yalikuwa meusi. Wakapita kwenye nyasi ndefu, tiki tiki tiki. Mghoi akachomwa na mwiba.

"Baba!"

Sauti ndogo. Nyasi ndefu. Nani asikie? Mghoi akakaa chini, akautoa mwiba kwa meno. Alipoinua kichwa, hapakuwa na mtu.

Huko mbele Ngiri akaita, "Mko?"

"Tuko!"

Walijibu mama na watoto watatu. Watu wanne wakipiga kelele pamoja, utajuaje kuwa wa tano hayupo? Ngiri hakujua. Akafika mahali pa saba, akageuza msafara, akarudi nyumbani kwa njia nyingine.

Wakaingia shimoni alasiri. Ngiri akajitupa chini. "Mahali saba! Pundamilia atasema nini sasa?"

Mkewe akatoa mizizi mitamu aliyoiweka kwa ajili ya sikukuu, akagawa. Mwakio mmoja. Mcharo mmoja. Mwambi mmoja. Ukabaki mmoja.

"Huu wa nani?" akauliza. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha akapiga ukelele, "Mghoi! Mwanangu Mghoi yuko wapi?"

Na nje, ta! Tone la mvua. Ta! Ta!

Ngiri aliruka kama aliyekanyaga moto. Alijua mvua ikikolea itafuta harufu ya nyayo, na harufu ikifutika, mtoto haonekani tena. Mkewe akasema, "Leo simwachi mtu nyuma. Tunakwenda wote."

Wakatoka. Ngiri akafungua kinywa aite "Mko?" kwa mazoea. Akaliacha. Akaita, "Mghoi! Mghoi we!" Jina hilo hakuwa amelitaja siku tatu nzima. Akalia. Ndiyo, Ngiri na meno yake yote yale, alilia.

Kwenye nyasi ndefu wakaona nyayo ndogo. Juu ya nyayo ndogo wakaona nyayo kubwa. Za Fisi! Mama akashika kichwa. Wakazifuata mbio, na mbele yao, kwenye lundo la udongo, Fisi alikuwa anaparua. Paru paru paru!

"Toka, kitoweo changu," Fisi anasema. "Toka, mvua inanilowesha."

Ngiri akaja mbio. Aliinamisha kichwa, akampiga Fisi ubavuni, ndi! Fisi akabiringika, akainuka, akatimua mbio bila hata kuaga.

Kutoka chini ya udongo ikatoka sauti nzito. "Nani anapiga kelele mchana, watu tunataka kulala?"

Alikuwa Muhanga, yule mwenye masikio marefu, mchimbaji wa mashimo. Yeye hufanya kazi usiku, mchana hulala.

"Shikamoo, Mzee Muhanga. Ni mimi Ngiri. Nimepotelewa na mtoto."

"Marahaba. Wa kike? Miguu mifupi? Anaongea sana?"

"Huyo huyo!"

"Ameniangukia juu ya tumbo nikiwa usingizini, tumbukii! Nyuma yake ikaja pua ya Fisi. Nikaziba mlango kwa udongo. Tangu hapo ananisimulia, sijasinzia tena."

Muhanga akafukua, fuku fuku fuku. Mghoi akatokeza, vumbi mpaka kwenye kope. "Mama! Baba!"

Ngiri akapiga magoti kwenye tope. "Asante, mzee wangu. Asante. Asante sana." Hakuwa na neno jingine, akalirudia hilo hilo.

"Asante yako imefika," akasema Muhanga. "Lakini nilimwuliza bintiyo ameona nini sikukuu hii. Mghoi, mwambie baba yako."

Mghoi akasema, "Nimeona mkia wa Baba."

"Na bwawani?"

"Mkia wa Baba."

"Na kwenye kile kichuguu kikubwa?"

"Mkia wa Baba, na vumbi."

Ngiri akainamisha kichwa. Aliona aibu, lakini zaidi ya aibu aliona furaha, kwa kuwa aliyekuwa anamwaibisha alikuwa hai, mzima, anaongea. Mvua ikamwagika. Mwakio akasema kwa unyonge, "Basi. Mvua imenyesha. Sikukuu imekwisha."

Muhanga akasema, "Ndani kwangu hainyeshi. Ingieni."

Ngiri akasimama pembeni ya mlango. Akampisha mkewe. Akampisha Mwakio, akampisha Mcharo, akampisha Mwambi, akampisha Mghoi. Alimtazama kila mmoja usoni na kumwita kwa jina. Kisha akaingia yeye wa mwisho, kinyumenyume, macho na meno yakiwa nje, Fisi asije akawafuata.

Mle ndani walikula ile mizizi mitamu, ambayo mama alikuja nayo, pamoja na mwenye nyumba. Wakabahatisha gizani nani Mcharo, nani Mwambi. Wakacheka mpaka wakapaliwa. Mghoi alikaa katikati ya miguu ya baba yake.

"Baba, kesho tutakwenda wapi?"

"Hatuendi popote, mwanangu. Tutakaa."

"Tutakaa!" wakapiga kelele wote.

Mpaka leo, ngiri huingia nyumbani kwake wa mwisho, na huingia kinyumenyume, baada ya kuhakikisha watoto wake wametangulia.

Funzo ni hili: ukitoka na watu wako, watazame. Usikimbilie mahali pengi ukawasahau wale unaokwenda nao. Na ukiwaona wote wapo, shukuru.

Basi, hadithi yangu imefika mlangoni, imegeuka, imeingia kinyumenyume. Imeishia hapo. Mko?

Tuko!

Asanteni.