Upawa wa Shekhe Mutarrif

Wapokezi wa habari za watu wema wametuhadithia kwamba palikuwa na mji katika nchi ya Tihama, upande wa Yemen, ambao joto lake la kiangazi halikuwa na mfano. Maziwa ya alfajiri hayakufika adhuhuri, na nyama ukiisahau kidogo tu, pua ndiyo itakayokukumbusha. Kila mwaka ilipoingia miezi ya joto watu waliendesha matumbo, na wengine wakazikwa, wengi wao watoto na wageni waliokula sokoni.

Mwenyezi Mungu akaujaalia mji ule muhtasibu mwadilifu, naye ni Shekhe Mutarrif. Muhtasibu ni mtu aliyewekwa na wali, mtawala wa mji, kuliangalia soko, mizani yake na vyungu vyake. Kwa lugha yetu ya leo tungemwita bwana afya, ila huyu alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi, na bwana afya wetu sijui.

Shekhe Mutarrif aliamuru mitungi ya maji ifunikwe, wapishi wakate kucha, na samaki akaangwe siku ile ile aliyovuliwa. Lakini kilichomkosesha usingizi ni harisa, ile ambayo huku kwetu twaijua kwa jina la bokoboko. Harisa hupikwa usiku kucha mpaka ngano na nyama vikawa kitu kimoja, na ikishaiva hakuna awezaye kujua kilichotiwa ndani. Palikuwa na wapishi waliochanganya masalio ya jana, na wengine, Allah atuhifadhi, nyama ya mnyama aliyejifia. Basi akaweka sharti. Nyama na ngano vitiwe chunguni mbele yake baada ya sala ya alasiri, kifuniko kizibwe kwa udongo, naye apige muhuri wake juu ya udongo ule. Hapo ndipo moto uwashwe, na muhuri usivunjwe ila kwa mkono wake baada ya alfajiri.

Na adhabu ilikuwa hii. Ambaye chungu chake kimemwagwa huulizwa mbele ya watu, "Una udhuru gani?" Kisha huvikwa shingoni upawa mkubwa uliotundikwa kwenye msumari mlangoni pa soko, akasimama nao mpaka adhuhuri, na kazi yake haigusi kwa siku arubaini.

Mwanzoni mwa kiangazi kimoja upawa ule ulimwangukia Dahman, mkaanga samaki. Alipoulizwa udhuru wake alisema kwamba mkewe alishikwa na uchungu wa kujifungua, akakimbia kumtafuta mkunga, na aliporudi samaki walikuwa wamekaa kapuni muda mrefu. Hakuwa na kingine cha kukaanga, akawakaanga. Watu walimhurumia. Shekhe Mutarrif hakumkaripia, lakini alimjibu neno ambalo soko zima lililishika. "Jua halipokei udhuru, Dahman." Akamvika.

Hata katikati ya joto lile wakapita mahujaji arubaini kutoka milimani, wakielekea Makka. Walikuwa walale usiku mmoja, wale asubuhi, kisha waondoke. Watu wa mji wakatoa kondoo kwa ajili ya sadaka, na wote kwa kauli moja wakasema apike Bi Unaysa. Huyu alikuwa mjane, mpishi wa harisa kwa miaka ishirini, mwanamke aliyetawadha kabla ya kuigusa ngano. Chungu chake hakikuwahi kumwagwa hata mara moja.

Kondoo walichinjwa adhuhuri. Alasiri ilipofika nyama ilikuwa tayari uani, imefunikwa kitambaa, inamngoja mwenye muhuri.

Mwenye muhuri alikuwa amealikwa hitima nyumbani kwa tajiri mmoja. Dua ilimalizika mapema, naye angeweza kuinuka. Mwenyeji akamwomba akae kidogo aonje sharbati. Wakaanza kuzungumza. Mmoja akasema mwaka huu halijatoka sokoni hata jeneza moja. Mwingine akasema Mutarrif ni kivuli ambacho Mola ameutandikia mji huu. Wakamvika kilemba cha ukoka, naye akakiweka sawasawa kichwani. Kila alipotaka kuaga, mtu alikumbuka jema lake jingine, na kusifiwa ni kutamu, tusidanganyane.

Alipofika kwa Bi Unaysa jua lilikuwa jekundu na maghribi imekaribia. Mama wa watu alikuwa bado ameketi karibu na sinia za nyama, anafukuza nzi kwa kipepeo cha ukindu. Hakumlaumu. Alisema tu, "Shekhe, kabla hujapiga muhuri, tafadhali inuse."

Mutarrif aliona haya kwa kuchelewa kwake, na alikuwa na haraka ya kuiwahi sala ya jamaa. Akatabasamu. "Nyama ya Bi Unaysa hainuswi, mama."

Nyama ikatiwa, udongo ukapakwa, muhuri ukapigwa, akaenda zake msikitini.

Asubuhi yake, baada ya sala, mahujaji waliketi safu mlangoni pa soko na mabakuli yao, ngamia wameshafungwa mizigo. Chungu kililetwa. Shekhe Mutarrif aliutazama muhuri, akauona mzima, akauvunja. Ikatoka harufu ya mdalasini na samli, watu wakamshukuru Mola. Wote wakamngoja Bi Unaysa achote.

Bi Unaysa hakuchota. Alisogea karibu na muhtasibu, akasema kwa sauti ambayo hakuisikia mtu mwingine:

"Muhuri wako umeilinda nyama na mikono ya watu, Shekhe. Haukuilinda na jua. Jana niliinusa mara tatu, na mara ya tatu sikuipenda. Nilinyamaza kwa sababu uliniamini. Usiku kucha nimekaa na moto, na sasa siwezi kuwapa watu hawa."

Shekhe Mutarrif aliinama juu ya chungu. Alinusa mdalasini, alinusa samli, zaidi ya hapo hakunusa kitu. Nafsi yake ikaanza kumfanyia uwakili. Ikamwambia kwamba moto wa usiku kucha husafisha mengi. Ikamwambia kwamba huenda mama huyu ana wasiwasi tu. Kisha ikamwambia lile hasa ililokuwa ikilitaka: watu hawa wataondoka saa hii hii, na tumbo likiwauma litawauma mwendo wa siku mbili kutoka hapa, nao watayalaumu maji ya kisima. Muhuri umekutwa mzima, na mji mzima umeuona. Anayejua ni Bi Unaysa, ni yeye, na ni Yule asiyeshikwa na usingizi.

Akainua kichwa chake kutoka chunguni. Kisha akasema, "Mwageni."

Walidhani hawakusikia vizuri, akarudia. Harisa ya kondoo wote wale ikachukuliwa nje ya ukuta, ikafukiwa shimoni. Mahujaji walipewa tende na mikate mikavu, wakapokea, lakini nyuso zao zilikuwa nzito, nao hawakuwa na kosa.

Ndipo macho ya watu yakamgeukia mpishi. Miaka ishirini ya jina jema ilikuwa ikiondoka mbele yake, na wapo walioanza kunong'ona kwamba walijua tangu zamani. Bi Unaysa hakujitetea wala hakumtaja mtu. Alikwenda hadi kwenye msumari, akauteremsha upawa, akaanza kupitisha kamba kichwani mwake mwenyewe.

Shekhe Mutarrif akauzuia kwa mkono. "Uache, mama. Chungu ni chako, kosa si lako."

Akawageukia watu, akawaeleza yote, wala hakujipunguzia. Alisema nyama ilikuwa tayari alasiri na yeye akaja jua linazama. Alisema aliombwa ainuse akakataa. Angeweza kusema alikuwa hitimani, na kila mtu angelainika. Alisema, "Dua ilikwisha mapema. Nilibaki kusikiliza nikisifiwa."

Akaangaza macho mpaka akamwona Dahman amesimama nyuma ya wenzake, akamwita. Dahman akaja polepole, anafuta mikono kwenye kikoi. Muhtasibu akamkabidhi upawa, akainamisha kichwa. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na siku ile watu waliuona ukirudi.

Dahman aliushika upawa, asijue la kufanya. Lakini desturi ni desturi, na swali lazima liulizwe.

"Una udhuru gani, Shekhe?"

"Sina, Dahman," akasema Mutarrif. "Wewe ulikuwa nao."

Husimuliwa kwamba kamba ilimshinda Dahman mara ya kwanza, akajaribu tena, akamvika. Kisha hakurudi kwenye kikaango chake. Alikaa chini pembeni ya muhtasibu, pale pale mlangoni, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Muhuri akaurudisha kwa wali kwa siku arubaini. Alipoupokea tena alibadilisha sharti lake: muhtasibu ndiye atakayekwenda iliko nyama, nyama isimngoje yeye, na asipige muhuri ila baada ya kunusa. Bi Unaysa aliendelea kupika mpaka Mola alipomchukua. Wapo wanaosema harisa ile ingeliwa isingemdhuru mtu. Ajuaye ni Allah.

Ndugu zangu, sisi tukichelewa huwa tumepatwa na jambo, na mwenzetu akichelewa huwa ni mzembe. Tena kila mmoja wetu ana muhuri wake: huyu anasaini karatasi, huyu anatoa ushahidi, huyu anasema "fulani namjua, ni mtu mzuri." Basi kabla hujaupiga, inuse kwanza nyama, hata ikiwa ni ya Bi Unaysa.