Nani Ampe Jina Mtoto wa Atupele

Sogeeni, lakini msije mikono mitupu. Kila mmoja aje na hukumu yake, maana mimi niliyewaletea kesi hii hukumu sina.

Huko Tukuyu, kwenye mvua isiyochoka, waliishi Atupele na mumewe Andongwile. Atupele alikuwa na ndugu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Lusajo, kaka yao mkubwa, alikuwa wakili. Huyo alijua kuuliza, na shahidi aliyehojiwa naye hakupata pa kujificha. Gwakisa, aliyemfuata, alikuwa mtaalamu wa kompyuta. Huyo alijua kuagiza, na mashine zilimwelewa. Tusajigwe, kitindamimba, alikuwa mtangazaji wa redio. Huyo alijua kutilia shaka, na habari haikutoka kinywani mwake kabla hajaisikia kwa mwenyewe.

Atupele alijifungua mtoto wa kiume. Kabla hajapewa jina, macho yake yakageuka njano. Majirani walimwambia Atupele amwoteshe jua la asubuhi, akamwotesha, lakini unjano haukutoka. Kisha choo cha mtoto kikawa cheupe kama chokaa. Ndipo alipomkimbiza hospitali.

"Mama, inaonekana njia ya nyongo imeziba," daktari alimwambia. "Anahitaji upasuaji kabla hajatimiza miezi miwili. Tukichelewa, ini litaharibika. Hapa hatuufanyi, na wanaoufanya ni wachache. Sisi tunatafuta, nanyi tafuteni."

Mtoto alikwisha kuingia mwezi wa pili.

Atupele alishika simu akauliza mtandaoni mtoto wa njano hutibiwa wapi. Alimwagiwa kila kitu: mizizi ya kuchemsha, mafuta ya upako, hospitali za ng'ambo, watu wanaouza dawa kwa picha. Kila ukurasa alioufungua ulimwongezea hofu. Akawaita ndugu zake. Walipofika, Andongwile, ambaye siku hizo alikuwa akizunguka nyumba bila kujua aanzie wapi, aliwaambia, "Mashemeji, atakayemwokoa mtoto huyu ndiye atakayempa jina. Nimesema."

Lusajo ndiye aliyeanza. "Mdogo wangu, uliuliza nini?"

"Niliuliza atapona wapi."

"Swali hilo hata tapeli analijibu."

Akaenda kuketi na daktari, wakalivunjavunja swali lile. Nani amekwisha kufanya upasuaji huu kwa watoto wachanga? Bado yupo kazini? Anapokea wagonjwa lini? Anapatikanaje? Ushahidi uko wapi, na ni wa lini? "Jibu lisilo na ushahidi," Lusajo alisema, "msinisomee."

Gwakisa aliyachukua maswali yale akayafanya safu za jedwali. Kisha akawatuma mawakala wa akili mnemba, yaani programu ambazo ukiziagiza huingia mtandaoni zenyewe, zikasoma na kurudi na zilichokipata. Hakumwacha wakala mmoja azurure kila mahali. Kila hospitali, ya nchini na ya nchi jirani, aliipa wawili wasioonana, na waliporudi na majibu yanayopingana aliwarudisha kazini. Masharti yake yalikuwa makali: usikisie, kila jibu lije na ukurasa wake, na usipopata andika "sijapata". Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamesoma kurasa ambazo ukoo mzima usingezimaliza hadi masika mengine. Katika makapi yote yale zilibaki punje mbili: madaktari wawili. Wa kwanza, safu zake zote zilijaa. Wa pili, wa hospitali ndogo ya misheni, penye swali la lini anapokea palikuwa na neno moja tu: sijapata.

Atupele alianza kufunga mizigo kwenda kwa wa kwanza. Tusajigwe akamshika mkono. "Dada, ngoja kwanza nisikie sauti ya mtu."

Akapiga simu. Daktari yule alikuwa ameacha kazi pale muda mrefu, ila ukurasa wa hospitali haukubadilishwa. Mawakala hawakudanganya. Ukurasa ndio uliochakaa. Atupele akaketi juu ya mzigo wake. Tusajigwe hakuketi. Kule misheni simu haikupokelewa, basi akamtafuta mtangazaji mwenzake wa mkoa ule, huyo akampa muuguzi, na muuguzi akampelekea simu daktari mwenyewe.

"Nipo," alisema daktari. "Lakini nasafiri wiki ijayo. Mleteni kesho."

Wakampeleka. Mtoto akapasuliwa, na Atupele akakaa kwenye benchi la ukumbini akiwa ameshika kikofia chake, hasali wala halii. Siku chache baadaye alifungua nepi akakuta choo kimerudiwa na rangi. Akamwita muuguzi, akamwita mumewe, akamwita na mama wa kitanda cha pili aje atazame. Sidhani kama yupo mama aliyewahi kufurahia nepi chafu kama yeye.

"Atahitaji kliniki kwa muda mrefu," daktari alisema, "lakini nyongo inapita."

Waliporudi Tukuyu, Andongwile alisimamia neno lake. Kumbe kila ndugu alikwisha kuandaa jina.

"Bila maswali yangu," alisema Lusajo, "mashine zingetuletea mizizi ya kuchemsha."

"Na bila mawakala wangu," alisema Gwakisa, "maswali yako yangebaki maswali. Nani kati yetu alikuwa analijua jina la daktari yule?"

"Mlilijua," alisema Tusajigwe, "na bado mlikuwa mnampeleka dada kwenye mlango uliofungwa."

"Ungempigia nani simu, kama tusingekuletea majina?" Lusajo akamjibu.

Wakabishana hadi chai ikapoa. Atupele aliwasikiliza huku akinyonyesha, na moyo ukamtulia kwa raha, maana kwa majuma mengi hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa na pumzi ya kubishana. Kila aliyesema alimwona ana haki. Lakini jina ni moja, na kadi ya kliniki bado imeandikwa "Mtoto wa Atupele".

"Kaka zangu, mdogo wangu," akasema mwishowe, "mimi mnaniumiza kichwa. Nitawauliza watu."

Basi mmeulizwa ninyi. Aliyeuliza, aliyewatuma watafutaji, na aliyehakikisha: ni yupi mngemkabidhi jina la mtoto, na wale wawili mngewaambia nini?