Ufunguo wa Pili

Akina mama wenzangu, mwenye mtoto anayelia asitoke nje. Tutasikilizana hivyo hivyo.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama walioweka akiba yao katika sanduku la bati lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao mwenyekiti. Wa pili alipewa mama kijana mwenye mtoto wa miezi mitatu. Kanuni yao ilikuwa hii: sanduku hufunguliwa Alhamisi tu, wote wakiwa wamekaa mkekani.

Jumatatu moja mwenyekiti akapiga hodi kwa yule mama.

"Mdogo wangu, niazime ufunguo wako."

Mama kijana alikuwa ananyonyesha. Akaufungua kwenye pindo la kanga. "Huu hapa, dada. Karibu uji."

"Siku nyingine," mwenyekiti akajibu. Lakini hakuondoka upesi. Alisimama mlangoni, akimtazama mtoto.

Alhamisi sanduku likakutwa tupu. Wote wawili wakafikishwa mahakamani.

"Mheshimiwa, mimi sikujua," akasema mama kijana.

"Sheria humsikiliza asiyejua," hakimu akasema. "Ila humuuliza kwanza: ulifanya nini ili ujue? Ulimuuliza anafungua nini Jumatatu?"

"Ningemuulizaje? Nilipojifungua, ndiye aliyenipikia uji siku arobaini."

"Uji ulikuwa wake, akakupa. Ufunguo ulikuwa wa wenzako."

Ndipo mwenyekiti akaangua kilio. "Mume wangu alikuwa amelazwa, nami niliona aibu kuomba. Pale mlangoni nilitamani aniulize tu, 'Dada, una nini?' Angeuliza, ningeketi, ningekunywa ule uji, ningemwambia yote."

Hakimu hakumfunga mama kijana, ila alimwamuru achangie kurudisha akiba. Ufunguo akapewa mwingine, na mama kijana akatolewa kikundini. Hadi leo, kila Alhamisi, husikia nyimbo zao akiwa upande wa pili wa ua, na mtoto wake, aliyezoea kupitishwa mkono kwa mkono, hugeukia sauti zile.

Jamani, ni wangapi wamesimama milangoni petu wakitamani swali moja? Nasi tukawapa walichotaka, tukasema ni upendo, kumbe tuliona haya kuuliza. Siku ile ya hukumu tutasema, "Bwana, sikujua." Je, tulitaka kujua?

Ukirudi nyumbani leo, yupo atakayepiga hodi. Usianze kwa kumpa anachoomba. Mpe kiti. Kisha muulize, "Dada, una nini?"