Msaragambo wa Mrindoko

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, nami nakutumia wewe. Kama huna subira ya kufika mwisho, ifute tu, usiwasumbue wenzako.

Kule milimani Upareni kulikuwa na kijiji kilichoishi kwa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo. Maji ya kijito yanajikusanya humo usiku kucha, asubuhi lango linafunguliwa, yanateremka kwa mfereji mpaka mashambani, kila mtu na zamu yake. Ndiva ikijaa, kijiji kinakula. Ikijaa matope, kijiji kinatazamana.

Mwenyekiti wa ndiva alikuwa Mzee Kajiru, na alikuwa kwenye kiti hicho tangu watu wengine hawajazaliwa. Alikuwa mwizi wa maji, na kila mtu alijua. Shamba lake lilinyweshwa kwanza, halafu mashamba ya ndugu zake, halafu lake tena. Ukilalamika, zamu yako inarukwa. Ila tusimnyime haki yake, jambo moja alilijua. Kila mwaka kabla ya kiangazi alipuliza baragumu la baba yake, kijiji kizima kikatoka na majembe kwenda msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzoa matope ya ndiva. Asiyetokea alitozwa mbuzi. Watu walimchukia kwa wizi, na kwa mbuzi walimchukia zaidi.

Chini kabisa, mwisho wa mfereji, lilikuwa shamba la mjane mmoja aitwaye Nakijwa. Alikuwa akilea wajukuu wake kwa mahindi na maharage ya shamba hilo, hana kingine. Alipata makombo ya maji, na mwaka mmoja hata makombo hakupata. Mwaka huo wajukuu walikula kwa majirani, na yeye aliona aibu hata kupita njiani.

Basi ulipofika mkutano wa uchaguzi, Nakijwa ndiye aliyesimama. Alimtaja Mrindoko, kijana aliyerudi kutoka Arusha alikokuwa akitengeneza simu. Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka, maana walikuwa wamechoka kweli. Mrindoko alisimama mbele akiwa hajui aweke wapi mikono.

"Kazi hii siijui," alisema. "Ila siibi. Mtanisaidia?"

Mkutano mzima ukaitikia kwamba watamsaidia. Mikono ikapanda kama mahindi. Kajiru akatoka amejitanda koti lake, watu wakampigia vigelegele vya kumfukuza.

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Zamu zilikwenda sawa, na maji yalifika kwa Nakijwa yakiwa mengi mpaka yakamfunika vidole vya miguu. Alilia pale pale shambani, peke yake. Alipanda maharage mpaka ukingoni.

Mrindoko akafuta faini ya mbuzi kama alivyoahidi siku aliyochaguliwa. Baragumu Kajiru alikataa kulitoa, akasema ni mali ya baba yake. Kijana akaona si neno, akaunda kundi la simu, akawatia wote. Kiangazi kilipokaribia akaandika: ndugu zangu, Jumamosi asubuhi msaragambo, tafadhali tufike wote. Wakajibu. Kila mmoja aliweka kidole gumba, wengine na mikono ya kushukuru, na mmoja akaweka maua.

Jumamosi walifika Mrindoko, Nakijwa na wanawake wawili wa jirani yake.

Wengine walikuwa na yao. Huyu ana mgonjwa, yule ana harusi, mwingine alikuwa akipalilia lake. Wako waliosema kazi ya nguvu ni ya vijana, si wamemchagua kijana? Mrindoko akaita tena, vidole gumba vikaja tena, watu hawakuja. Wale wanne walizoa walichoweza, na walichoweza ni kipembe tu cha bwawa.

Nakijwa akaamua kupita nyumba kwa nyumba. Wengi walimkaribisha chai wakaongelea mengine. Alipofika kwa Elinami, jirani yake wa siku nyingi, mwanamume mwenye nguvu zake, alimkuta amekaa kivulini anachonga mpini wa jembe. Alimweleza kwamba matope yanapanda na maji yatawaishia. Elinami hakuinua hata macho.

"Dada Nakijwa, si tumeshamtoa Kajiru?" alisema. "Unataka tufanye nini tena?"

Nakijwa akarudi nyumbani na neno hilo. Jamani, neno hilo mimi nimelisikia sehemu nyingi, na wewe umelisikia, usijifanye.

Matope hayana haraka. Kiangazi kilipokaza, ndiva ilikuwa ikiamka na maji ya kuoshea miguu. Mashamba ya juu yakayamaliza. Watu wakaanza kufungua lango bila zamu. Mrindoko akiwakataza wanamuuliza atawafanya nini, faini si aliifuta mwenyewe? Kwa Nakijwa maharage yalikuwa kwenye maua. Alibeba maji kwa ndoo kutoka kijitoni mpaka mgongo ukakataa, na maua yakapukutika akiyaona.

Mkutano ukaitishwa. Mrindoko alitukanwa matusi ambayo Kajiru hakutukanwa katika miaka yake yote ya wizi. Waliokuwa wakitukana kwa sauti zaidi ndio wale wa vidole gumba. Elinami akasimama akasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, watu wakaguna kukubali. Kajiru akarudishwa kitini siku hiyo hiyo. Mkono wa Nakijwa ulibaki chini, hakuna aliyemtazama.

Kesho yake baragumu likalia, na faini ya mbuzi ikarudi. Wakatoka wote, hata wagonjwa. Mrindoko naye alikuja na jembe lake, akaingia matopeni. Siku chache tu ndiva ikawa safi, ikajaa mpaka ukingoni. Watu wakapongezana. Wakasema uzoefu haununuliwi, wakasema mambo ya wakubwa si ya kuchezewa na watoto.

Ndipo Kajiru akapanda ukingoni kusoma zamu mpya. Lake siku nne. Ndugu zake siku mbili. Kijiji kizima kigawane siku iliyobaki. Na mashamba ya mwisho wa mfereji hayamo tena, kwa sababu maji yanapotea njiani.

Nakijwa akasogea mbele, matope yamemkaukia mpaka magotini.

"Mzee Kajiru, hata zamani hukutufanyia hivi," alisema. "Ulituachia makombo."

Kajiru hakukasirika. Alimjibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Shemeji, zamani nilikuwa naiba kwa woga. Nilijua iko siku mtanitoa, kwa hiyo nilikuwa nawaachia kidogo. Sasa mmenitoa, na mmenirudisha wenyewe. Nimwogope nani?"

Kila mtu alitazama jembe lake. Wewe ungesema nini? Kwamba utamtoa tena, umweke nani? Mrindoko alikuwa ameshaliweka jembe begani, anateremka kwenda kufunga mizigo yake ya Arusha.

Wiki ile Nakijwa aling'oa maharage yake yaliyokauka awape mbuzi wa majirani. Elinami akamwona akiwa ng'ambo ya mfereji mtupu, akavuka, akaanza kung'oa pamoja naye. Wakang'oa mstari kwa mstari. Mwisho Elinami akamwambia, dada, nimekuja kukusaidia.

"Nimeona," Nakijwa alimjibu. "Siku ile nilipopita kwako ningeshukuru zaidi."

Akafunga mzigo wake, akaubeba, akaenda.

Funzo: Kumtoa kiongozi mbovu ni kazi ya siku moja, lakini kumsaidia mgeni wa kazi uliyemweka ni kazi ya kila siku, ukiikimbia hiyo, yule mbovu atarudi, na safari hii hatamwogopa mtu.