Bata Haoshwi Uso

Bata haoshwi uso, hupewa maji. Ndivyo mama yenu alivyomwambia baba yenu jana, alipomkuta anamfunga Tatu vifungo vya shati, na Tatu yuko darasa la tatu. Mkacheka, kisha mkaniuliza bata ameingiaje kwenye shati. Basi sogeeni. Mimi nilisimuliwa na shangazi yangu Mwanahamisi, mwaka ule nilioacha shule, tukipukuchua mahindi barazani. Alisema methali hii ilianza hivi.

Zamani, huko Kwa Mkole, mto ulikuwa mbali chini bondeni, na maji yalipanda mlima kichwani mwa mtu. Walikaa huko mume na mke, Mzee Shemhilu na Bi Mwanjaa. Binti yao wa pekee, Saumu, aliolewa ng'ambo ya bonde, nyumba ikabaki kimya. Siku moja Saumu alikuja kuwasalimu akawaletea yai la bata. Bi Mwanjaa hakuwahi kufuga bata, kuku ndio aliowajua. Akalitia yai chini ya kuku aliyekuwa akiatamia. Vifaranga wa kuku wakatangulia kutoka, kuku akaondoka nao, lile yai Bi Mwanjaa akalimalizia joto mwenyewe, kwenye pamba, karibu na jiko. Akatoka mtoto wa njano mwenye mdomo bapa. Akamwita Sururu, maana mdomo ule kutwa ulikuwa unachimba.

Sururu alilelewa kikuku. Alikula pumba kama kuku, akanywa maji kwenye kifuu kama kuku. Lakini kila akiona chombo chenye maji mengi alikikimbilia, hasa karai la Mzee Shemhilu la kutilia udhu. Hapo Bi Mwanjaa alimfukuza kwa ufagio.

"Toka, mchafu wee. Maji haya nimeyapandisha kwa shingo yangu."

Kisha alimkamata, akampakata, akamfuta uso kwa kitambaa kibichi, macho na mashavu, kama mama anayempeleka mwanawe chuoni kusoma Kurani.

"Bado wanja," mumewe alimtania.

Asubuhi moja Sururu aliamka shavu limevimba chini ya jicho, kama mtu aliyeficha tonge. Bi Mwanjaa akachemsha maji ya chumvi, akayaacha yawe vuguvugu, akamkanda. Uvimbe ukalainika, kesho yake ukarudi. Akamtenga na kuku, akamlaza jikoni kwenye majani makavu, akawa anamkanda asubuhi na jioni, na uso ukafutwa kuliko zamani. Uvimbe ukazidi. Jicho likafumba. Akipumua anakoroma, chakula hakitaki. Bi Mwanjaa naye hakulala, kila mara anaamka kumsikiliza, na mchana anasinzia na mwiko mkononi.

Mzee Shemhilu alivumilia, mwishowe akasema, "Mama Saumu, tumchinje leo. Tusingoje afe mzoga."

"Nawe utamla?"

"Simli. Ila anateseka huyu, nawe unateseka naye."

Bi Mwanjaa akainuka. Alimtoa Sururu jikoni, akamweka uani, akaketi akimpa mumewe mgongo.

Mzee alinoa kisu. Alipochuchumaa kumshika bata, mkewe alisema bila kugeuka, "Hujampa maji."

Ni kweli, mnyama hachinjwi na kiu. Mzee akatazama kifuu, kimekauka. Kilichokuwa karibu ni karai lake la udhu, limejaa. Akalivuta.

"Haya bwana, leo sikufukuzi. Kunywa utakavyo."

Sururu hakunywa. Alizamisha kichwa chote mpaka shingoni, akakaa nacho humo, akakitoa, akapenga. Akazamisha tena, akapenga kwa nguvu, na kwenye tundu la pua pale juu ya mdomo ukatoka uzi wa ute mzito kama mlenda. Akarudi majini. Mzee Shemhilu alibaki amechuchumaa, kisu mkononi. Yeye mwenyewe kila siku hupandisha maji puani kwa karai hilo hilo, akayapenga vile vile.

"Mama Saumu."

"Umemaliza?"

"Geuka. Mwanao anatia udhu."

"Leo usinitanie, Baba Saumu."

"Geuka nakwambia. Anasafisha pua, tena anasafisha kuliko mimi."

Bi Mwanjaa akageuka. Akamtazama Sururu akizama na kuibuka, maji yanamtiririka usoni.

"Kumbe ndiyo maana alikuwa akilikimbilia karai," alisema polepole. "Nami nikamfukuza na ufagio."

"Ukamfuta kwa nje, na kilichomsumbua kiko ndani."

"Wewe ulijua?"

"Ningejua ningenoa kisu?"

Mke akacheka, na machozi yanamtoka.

Kisu kikarudi kwenye ala. Karai likawa la Sururu, na maji yake yalimwagwa na kutiwa mapya kila siku. Kwa kuwa mlima ule ulikuwa umeshamchosha mkewe, Mzee Shemhilu aliteremka mtoni mwenyewe. Vijana wa njiani wakamwona na ndoo.

"Mzee, leo umekuwa mwali wa kuchota maji?"

"Namchotea bata."

"Si umfute uso tu kwa kitambaa, upumzike?"

"Bata haoshwi uso, wajukuu zangu. Hupewa maji."

Wakacheka, wakaenda wakilisema, na neno likashika njia.

Bi Mwanjaa aliendelea kumkanda kwa maji ya chumvi. Uvimbe haukuondoka mara moja, ulipungua kidogo kidogo. Adhuhuri moja Sururu alitoka kwenye karai, akajikung'uta, na lile jicho lilikuwa wazi, jeusi, linamtazama mama yake. Shavuni lilibaki tope. Bi Mwanjaa akashika ncha ya kanga yake kumfuta, kama alivyozoea. Mzee Shemhilu, aliyejilaza mkekani baada ya kupanda mlima, alikuwa ameshapitiwa na usingizi.

Bi Mwanjaa akaiachia kanga. "Nenda," akamwambia Sururu, "maji hayo." Bata akarudi kwenye karai, akazama, akatoka na uso safi.

"Bata haoshwi uso," alisema Bi Mwanjaa peke yake, "hupewa maji."

Akajinyoosha kando ya mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu shavu lile livimbe, akalala asishtuke.